Naomba ushauri: masanduku ya karatasi za marehemu babu aliyekuwa mbunge

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Babu yetu alikuwa mbunge enzi za chama kimoja. Baada ya msiba tumekuta chini ya kitanda masanduku matatu ya bati: makabrasha ya kamati, rasimu za hotuba alizokatakata kwa kalamu, na barua za wapiga kura, nyingi ajabu. Mchwa wameshaonja pembeni, pini zimeota kutu.

Hotuba hazinisumbui, hansadi (kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni) ipo. Shida ni barua. Huyu anaomba ada ya mtoto, yule anagombea mpaka wa shamba, mama mmoja anaeleza ugonjwa wake bila kuficha kitu. Majina yote yapo, na wajukuu wao tunasali nao.

Nimesoma kwamba Marekani karatasi binafsi za mbunge ni mali yake, wengi huzipa vyuo vikuu, ila kumbukumbu za kamati ni mali ya Congress, yaani Bunge lao, na hutunzwa na Nyaraka za Taifa. Kwetu Tanzania ipo sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, lakini naielewa zaidi kwa ofisi za umma.

Je, makabrasha yenye muhuri wa siri tuyarudishe Dodoma? Na barua tukizikabidhi, tunaweza kuweka sharti zifungwe miaka kadhaa? Aliyewahi kukabidhi anielekeze pa kuanzia, maana mjomba anataka tupige picha kwa simu kisha tuchome zote. Kiberiti nimekificha.