Mjadala: Malipo ya kaboni ya udongo yaamuliwe na setilaiti?

Mleta mada: Wakuu, hoja iko hivi. Miradi inayowalipa wakulima kwa kutunza kaboni ardhini inalalamikia gharama za kuchimba sampuli na kuzipeleka maabara. Sasa wapo wanaotaka setilaiti ifanye kazi yote. Setilaiti mbili za Ulaya za Sentinel-2 zikiwa angani, kila shamba linapigwa picha kila baada ya siku 5 hivi, picha ni za bure, modeli ya kompyuta inasoma mwanga ulioakisiwa na udongo, inatoa asilimia ya kaboni, pesa inatoka. Mimi napinga.

Mwanga wa jua ukifika kwenye udongo hauzami. Unaorudi kwenye kamera umetoka kwenye ngozi ya juu kabisa, hata milimita moja haifiki, ilhali kaboni inayolipiwa kwa kawaida huhesabiwa hadi sentimita 30 kwenda chini. Na ngozi hiyo haitulii. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi shamba limekolea weusi, na udongo wenye mboji nyingi nao ni mweusi. Jua likiwaka siku chache, matone yameshaponda mabonge na kuacha gamba laini juu, shamba lile lile linang'aa. Ukipitisha trekta, mabonge mapya yanatupiana vivuli, weusi umerudi. Kaboni haijaongezeka wala kupungua hata chembe. Bado sijagusa mashamba yenye chumvi, ambayo yakikauka huwa meupe.

Mtaalamu wa picha: Mkuu, unampiga mtu ambaye hayupo ulingoni. Nani siku hizi anategemea picha moja? Tunachukua picha za miaka kadhaa, tunatupa pikseli (vijisehemu vya picha) zenye kijani, kisha tunalinganisha bendi (vipande vya mwanga) mbili za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ile ya wimbi la nanomita 1610 na ya 2190, ili kuondoa palipo na unyevu au mabaki ya mazao. Zinazobaki tunatafuta wastani wake. Mvua ya usiku mmoja inamezwa humo. Halafu hizo sampuli za mkono mnazozisifu, mifuko mitano kwenye shamba kubwa ndiyo ukweli wote?

Mkulima: Naomba kuuliza. Mimi silimi kwa jembe wala trekta, natoboa shimo napanda, na mabua yote nayaacha yafunike ardhi. Shamba langu mtaliona lini likiwa tupu?

Mtaalamu wa picha: Hapo ni pagumu. Mabua makavu yana alama yao karibu na nanomita 2100, mfinyanzi karibu na 2200, na bendi ya Sentinel-2 eneo hilo ni pana mno kuvitenganisha. Setilaiti ya EnMAP ya Ujerumani, iliyorushwa mwaka 2022, ina bendi zaidi ya 200, inaweza. Ila haipiti mara kwa mara kama Sentinel.

Mleta mada: Asante mkulima, umefika penyewe. Chujio linatupa kila pikseli yenye mabaki, kwa hiyo modeli inafundishwa na mashamba yaliyolimwa yakaachwa wazi. Shamba lililofunikwa mwaka mzima linajazwa kwa kukisia kutoka kwa majirani, na majirani hao ndio wanaolima kila msimu! Mradi umeanzishwa kumlipa anayefunika ardhi, halafu kipimo chake ndicho kisichomwona. Wastani wa miaka mingi hauwezi kutibu hilo, kwa sababu hakuna picha za kutafutia wastani.

Mchangiaji mwingine: Vipi rada? Inapenya mawingu.

Mtaalamu wa picha: Mawingu inapenya, kaboni haioni. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1, wimbi lake sentimita 5 na nusu hivi, inasoma unyevu na mikwaruzo ya uso. Hata mwelekeo wa matuta unabadilisha jibu: yakikaa kukingama na mnururisho wa rada, shamba linarudisha nguvu zaidi. Inafaa kutuambia picha ipi ya mwanga tusiiamini, basi.

Mleta mada: Basi itumike hivyo. Setilaiti igawe shamba katika maeneo yanayofanana, ituambie tuchimbe wapi, na shamba lililofunikwa liandikwe "halijapimwa" badala ya kubandikwa namba. Pesa ifuate sampuli ya udongo.

Mkulima: Naafiki. Ila gharama ya kuchimba isikatwe kwenye malipo yangu.