Mafuta endelevu ya ndege: serikali ilazimishe au ilipie?

Nuru_wa_Sera aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandika tasnifu ya uzamili juu ya sera za nishati, na hii ni wiki ya pili nimekwama kwenye sura ya tatu.

Ulaya wameamua kulazimisha. Kanuni yao ya 2023 inawataka wauzaji wa mafuta katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya wachanganye mafuta endelevu, yaani yasiyotokana na petroli: asilimia 2 kuanzia 2025, asilimia 6 mwaka 2030, 20 mwaka 2035, na kupanda hivyo hadi 70 mwaka 2050. Marekani walianza kwa kulipa. Sheria yao ya Agosti 2022 ilitoa nafuu ya kodi ya dola 1.25 hadi 1.75 kwa galoni, kutegemea mafuta hayo yanapunguza hewa ukaa kwa kiasi gani yakilinganishwa na mafuta ya kawaida.

Msimamizi wangu anataka nichague upande mmoja niutetee. Nikisoma hoja, kila upande unanishawishi. Nikitazama matokeo, nakata tamaa: mwaka 2024 dunia nzima ilizalisha kama tani milioni 1 tu, sawa na asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Je, wote wamekosea? Au mimi ndiye niliyeuliza vibaya?

Ripoti ninazo za kutosha. Naomba kusikia kutoka kwa watu walioifanya kazi hii.

MpimaMafuta alijibu:

Mwanangu Nuru, swali lako si baya. Ila umesimama getini, na jibu liko ndani ya kiwanda. Nivumilie, nitaandika kirefu, kwa sababu jambo hili limekaa moyoni mwangu muda mrefu.

Nimefanya kazi ya kupima mafuta ya ndege kwa miaka 26. Kila tangi lililofika, tulichota sampuli, tukatazama kama ni angavu na halina maji, tukapima msongamano, tukapima joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto, na kiwango cha kuganda, ambacho kwa Jet A-1, yaani mafuta ya kawaida ya ndege, hakitakiwi kuwa juu ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Nakumbuka siku ya kwanza nilipoletewa chupa ya mafuta endelevu matupu, kabla hayajachanganywa. Yalikuwa meupe kama maji, na ile harufu kali niliyoizoea karibu haikuwepo. Nikatumbukiza hidromita, kile kifaa cha kupimia msongamano, ikazama kuliko nilivyozoea kuiona. Jet A-1 inatakiwa kuwa na kilo 775 hadi 840 kwa mita ya ujazo. Haya yalikuwa chini ya hapo, na si kasoro, ndivyo yalivyo. Tena hayana kemikali za aromatiki, ambazo ndizo zinazofanya mipira ya kuzibia kwenye mifumo ya mafuta ya ndege ivimbe kidogo na kubana. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vinataka mchanganyiko uwe na angalau asilimia 8 ya aromatiki, na vinaruhusu mafuta endelevu yasizidi nusu. Ile ndege ya Virgin Atlantic iliyovuka kutoka London hadi New York Novemba 2023 bila tone la mafuta ya petroli ilihitaji kibali maalumu, na hata hapo asilimia 12 ya mafuta yake yalikuwa aromatiki zilizotengenezwa kwa mimea.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kwa sasa kikwazo si ndege. Tuko chini ya asilimia 1, na ruhusa ni 50. Kikwazo ni kwa mwenye kiwanda.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili. Mafuta mengi endelevu yanatengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyotumika na shahamu za wanyama, yakichakatwa kwa haidrojeni. Minyororo ya kaboni ndani ya shahamu ina urefu wa 16 hadi 18, na huo ni urefu wa dizeli. Yaani mtambo ukiachwa ufanye kazi kwa urahisi wake, unatoa dizeli ya malori. Ili upate mafuta ya ndege lazima uikate minyororo hiyo iwe mifupi zaidi. Utatumia haidrojeni nyingi zaidi, na sehemu ya mzigo itakukatikia kupita kiasi, iwe nafta, mafuta mepesi ambayo bei yake ni ya chini. Mtambo ni uleule, malighafi ni ileile, bidhaa mbili zinagombea. Mwenye mtambo anapiga hesabu: mwezi huu dizeli inalipa au ndege inalipa?

Kwa hiyo serikali ikilipa dizeli na mafuta ya ndege sawasawa, imechagua dizeli, hata kama hotuba zote zilikuwa za ndege. Angalia Marekani. Sheria ya Julai 2025 iliongeza muda wa nafuu ya kodi iliyofuata ile ya kwanza hadi 2029, lakini kwa mafuta yatakayozalishwa kuanzia 2026 ikaondoa nyongeza iliyokuwa ya mafuta ya ndege peke yake. Kutoka dola 1.75, sasa kikomo ni dola 1 kwa galoni, sawa na ya dizeli. Mwenye mtambo akirudi kwenye dizeli, mimi simlaumu.

Lazima ya Ulaya inatatua hilo, kwa sharti kwamba adhabu iume. Pale muuzaji akipungukiwa, faini ni angalau mara mbili ya tofauti ya bei kati ya mafuta endelevu na ya kawaida, na bado deni la lita linabaki, analilipa mwaka unaofuata. Uingereza wana asilimia 2 mwaka 2025, 10 mwaka 2030 na 22 mwaka 2040. Anayeshindwa analipa pauni 4.70 kwa kila lita aliyopungukiwa. Piga hesabu ya haraka: muuzaji wa lita milioni 100 anadaiwa kama lita milioni 2, na asipozileta ni kama pauni milioni 9.4. Kiasi hicho kinamfanya mkurugenzi ainue simu kutafuta mafuta.

Na usisahau kifungu cha asilimia 90. Nimeona ndege zikitua zimejaza mafuta ya kurudia, kwa sababu zilikotoka ni bei rahisi. Kubeba uzito ule kunachoma mafuta zaidi. Ulaya wanalitaka shirika lijaze, kwa hesabu ya mwaka, angalau asilimia 90 ya mafuta linayohitaji kwenye kiwanja linakoondokea, ili lisikwepe bei kwa kubeba kutoka nje. Kifungu kidogo, lakini aliyekiandika anaijua kazi.

Mama_Mikopo alijibu:

MpimaMafuta ameeleza kiwanda kilichopo. Niongezee kuhusu kile ambacho hakijajengwa, maana hapo ndipo nilipokaa mimi.

Nilikuwa kwenye timu iliyochambua mkopo wa kiwanda kipya cha mafuta endelevu ya ndege. Sitasema cha nani wala wapi. Teknolojia ilithibitishwa, malighafi ilikuwa na mikataba, na lazima ya serikali ilikuwa tayari kwenye vitabu. Mkopo ulikataliwa. Niliumia, kwa sababu wale vijana walikuwa wamejiandaa vizuri kuliko waombaji wengi niliowahi kuwaona.

Swali lililowashinda lilikuwa moja: mwaka wa tisa mtauza kwa bei gani? Lazima inasema mnunuzi atakuwepo, haisemi atalipa kiasi gani. Wakijenga watu wengi kwa pamoja, bei inashuka na wa kwanza ndiye anayefilisika, naye ndiye aliyejenga kwa gharama kubwa kuliko wote. Benki inalijua hilo. Nafuu ya kodi nayo haikutusaidia kujibu. Ile ya Marekani ya 2022 iliwekwa kwa mafuta ya 2023 na 2024 tu, kisha ikaja nyingine, kisha ikabadilishwa kabla wino haujakauka. Kiwanda kinachukua miaka kadhaa kupata vibali na kujengwa. Nafuu inayokwisha kabla sijamwaga zege siwezi kuihesabu kama mapato.

Ndiyo maana mimi naupenda muswada ambao Uingereza waliupeleka bungeni Mei 2025. Wanabaki na lazima, halafu wanamwekea mzalishaji mkataba wa bei ya uhakika. Soko likishuka chini ya bei hiyo, analipwa tofauti. Likipanda juu, anarudisha. Fedha zinatoka kwenye tozo kwa wauzaji wa mafuta. Laiti ule mkopo wetu ungekuwa na karatasi ya namna hiyo nyuma yake, ningeutetea mpaka mwisho.

Kwa hiyo Nuru, usikubali kuchagua upande. Lazima na malipo vinafanya kazi mbili tofauti.

Nuru_wa_Sera:

Shikamoo mzee MpimaMafuta, shikamoo mama. Nimesoma mara tatu, na lile la dizeli sikulijua kabisa.

Nina mambo mawili. Kwanza, kwa nini wasitoze tu kodi mafuta ya petroli mpaka bei zilingane? Pili, haya mafuta ya kupikia yaliyotumika yatatosha? Na serikali inajuaje kwamba kweli yalitumika?

MpimaMafuta:

Marahaba mwanangu. La kwanza ni fupi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unazuia kutoza ushuru mafuta yaliyomo ndani ya ndege inayowasili, na mikataba mingi ya nchi kwa nchi imepanua msamaha huo hadi mafuta yanayojazwa kwa safari za kimataifa. Kuifungua mikataba hiyo mmoja mmoja ni kazi ya miaka mingi. Serikali zinapita njia nyingine. Singapore wameamua kumtoza abiria. Wameiweka tozo yao kulingana na gharama waliyokadiria ya kufikia asilimia 1 mwaka 2026, na mafuta yakipanda bei, tozo haipandi, lita ndizo zinazopungua. Abiria amelindwa, lakini lengo halina uhakika. Ulaya ni kinyume chake, lita hazipungui, bei inakwenda inakokwenda. Linganisha hao wawili, utapata sura nzuri kuliko hiyo ya Ulaya na Marekani.

La pili namwachia anayezunguka kukagua.

MkaguziMnyororo alijibu:

Ndiyo kazi yangu. Hayatoshi, dada Nuru, na serikali zinajua hayatoshi. Uingereza wameweka kikomo: mafuta ya ndege yanayotokana na shahamu na mafuta ya kupikia yanaruhusiwa kujaza lazima yote mwaka 2025 na 2026, lakini mwaka 2030 yasizidi asilimia 71, na 2040 asilimia 35. Ulaya hawahesabu kabisa yanayotokana na mazao ya chakula, na wametenga sehemu ya mafuta yanayotengenezwa kwa umeme, haidrojeni na kaboni iliyonaswa, wastani wa asilimia 1.2 kwa 2030 na 2031. Malighafi yenyewe nayo imeanza kugombewa. Desemba 2024 China iliacha kuwarudishia kodi wauzaji wa nje wa mafuta yaliyotumika, na viwanda vyao wenyewe vinayahitaji.

Kuhusu udanganyifu, nitakueleza nilichokiona. Nilikagua kituo kimoja cha kukusanyia. Vitabu vilikuwa safi, mihuri yote ipo. Nikaomba orodha ya majiko wanakochukua mafuta, nikajumlisha kiasi ambacho majiko yale yangeweza kumwaga kwa mwezi, hata nikiwapendelea. Mzigo uliosafirishwa ulikuwa mkubwa mno. Ziada ile ilitoka wapi? Mafuta mabichi ya mawese yanaweza kupitishwa humo, kwa sababu yaliyotumika yanalipiwa zaidi na sera. Niliandika ripoti yangu, cheti kikasimamishwa, lakini shehena za miezi ya nyuma zilishahesabiwa kama zimeokoa hewa ukaa. Zile hazirudi. Mpaka leo nikizikumbuka nakosa raha.

Sera nyingi zinamkagua mwisho wa mnyororo, yule mwenye karatasi nyingi na wanasheria. Mtu wa kukaguliwa ni wa kwanza, mwenye ndoo.

MpimaMafuta:

Niongeze hapo neno la maabara, kwa kuwa watu hutuuliza kama hatuwezi kuwanasa. Kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita, tunaweza kukuambia mafuta haya yana sehemu gani ya mimea na sehemu gani ya petroli, maana petroli imezikwa muda mrefu mno, kaboni-14 yake imekwisha. Lakini mawese mabichi na mawese yaliyokwishakaangia, vyote viwili kaboni yake ni ya juzi. Yakishapita kwenye haidrojeni, mbele ya mashine zangu yanafanana. Hakuna kipimo kitakachochukua nafasi ya yule mkaguzi anayehesabu majiko.

Na ujue pia kwamba hadi mwisho wa 2034 Ulaya wanamruhusu muuzaji afikishe asilimia zake kwa wastani wa viwanja vyote. Kiwanja kimoja kinaweza kupokea nyingi na kingine kisipokee hata lita. Lita zinakwenda njia yake na vyeti njia yake. Tani moja ikidaiwa na wawili, hakuna tangi utakalolifungua ukaona kosa.

Nuru_wa_Sera:

Nimempigia msimamizi wangu leo asubuhi. Amekubali nisichague upande. Sura sasa inaitwa "Nani anabeba tofauti ya bei, na nani anahesabu lita", na nitaanza na Singapore na Ulaya kama mzee alivyosema.

Mama_Mikopo, naomba kitu kimoja. Yale maswali mliyowauliza wale vijana wa kiwanda, inawezekana kuyapata?

Mama_Mikopo:

Ninayo bado. Nitaondoa majina na tarakimu za kampuni, nikutumie usiku huu. Lile la mwaka wa tisa ni namba 14.