Picha ukutani zinafuata manong'ono ya watu badala ya ngoma

Mwanatanga
Habarini wanajamvi. Nafundisha kikundi cha vijana cha ngoma hapa Tanga. Tunaandaa onyesho la usiku: msondo na chapuo mbele, nyuma yao projekta inamulika michoro ukutani. Nachora kwa p5.js (maktaba ya JavaScript ya kuchorea), sauti naipokea kwa maiki ya laptopu kupitia AnalyserNode ya kivinjari, yaani kile kipande kinachopima sauti. Ngoma ikinyamaza, miduara inacheza kwa manong'ono ya watazamaji. Ikipigwa kwa nguvu, michoro inachelewa, tena pigo dogo na kubwa yanaonekana sawa. Nimebadilisha vipimo vya miduara weee, wapi!

FundiSpika
Dada, miduara haina kosa. Sauti inaharibiwa kabla haijakufikia. Kivinjari kinadhani kila anayefungua maiki anapiga simu, basi kinachuja makelele, kinafuta mwangwi, na kinapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Hilo la mwisho ndilo linalokuroga. Kwenye getUserMedia, amri inayofungua maiki, weka autoGainControl (kupandisha na kushusha sauti), noiseSuppression (kuchuja makelele) na echoCancellation (kufuta mwangwi) zote false, yaani zizimwe. Mimi huchanganya sauti za taarabu. Mashine ya kujipandishia sauti yenyewe naichomoa hata salamu hatujapeana.

Kuchelewa nako: AnalyserNode huja na smoothingTimeConstant ya 0.8, yaani kila kipimo kipya kinachanganywa na kilichopita. Kwa zumari inapendeza, kwa ngoma ni balaa. Weka 0. Halafu fftSize yake, yaani idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) inazochambua kwa pamoja, ni 2048, ambayo kwa sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 46 za sauti kwa mkupuo. Ukiipunguza hadi 1024 unapata wepesi, lakini hatua za masafa (kasi ya mtetemo wa sauti, nzito hadi nyembamba) zinapanuka kutoka hezi 21.5 hadi 43, na huko chini kwenye msondo utaona kila kitu kimerundikana. Kama shida yako ni kujua tu kwamba pigo limetua, achana na masafa, soma wimbi lenyewe kwa getFloatTimeDomainData.

Pwani_js
Naongezea: bandika piezo kwenye ubao wa ngoma, kile kisahani cha shaba kilichomo kwenye vingora vidogo. Kinasikia mtikisiko wa ubao, umbea wa watu haukifikii. Kimoja kwa kila ngoma, ila utahitaji kadi ya sauti yenye matundu mawili.

FundiSpika
Hapo sawa kabisa. Na samahani dada, miduara inayovimba kila pigo inachosha upesi, nimeshaiona kwenye maharusi mpaka basi. Pima muda kati ya pigo na pigo. Chapuo ikikaza, mistari isogeleane. Msondo ukikawia kujibu, ukuta uwe mweusi mpaka ujibu.

Mwanatanga
Nimezima zote tatu, manong'ono hayasogezi kitu tena. Wazo la ukuta mweusi vijana wamelipenda kuliko mimi. Ila sasa pigo moja la chapuo linahesabiwa mawili.

FundiSpika
Ngozi bado inatetemeka. Programu ikishanasa pigo, iwe kiziwi kwa milisekunde 80, ndipo isikilize tena. Mpigaji wenu akiwa mwepesi zaidi ya hapo, shusha hadi 60. Kila ngoma iwe na hesabu yake, usizichanganye. Na AudioContext, injini ya sauti ya kivinjari, mara nyingi hugoma kuamka mpaka mtu abofye ukurasa, kwa hiyo kijana mmoja apewe kazi ya kubofya kabla watu hawajaingia.