Acheni kuwadhulumu wachezaji wa Hambledon, takwimu zenu zimejaa wizi

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja na povu na sitaki mtu aniambie nipunguze sauti.

Kuna jedwali linazungushwa tangu juzi, la eti warushaji bora wa kriketi wa nyakati zote. Wale wa zamani wametupiwa kona mwishoni, na David Harris wa Hambledon, klabu ya kijijini Uingereza ya karne ya 18, kawekwa mkiani kwa maelezo kwamba "wiketi zake ni chache", yaani wapigaji aliowatoa. Chini yake watu wanagonga vicheko. Mmoja anasema anayerusha mpira kwa mkono wa chini asingetoboa hata kwenye ligi ya mtaani. Mwingine, na huyu ndiye aliyenitibua haswa, akahitimisha kwa kujiamini kabisa kwamba kriketi ni mchezo uliobuniwa na malodi wa Kiingereza, na hao akina Harris walikuwa vibarua wa kuokota mipira.

Vibarua wa kuokota mipira! Haya, tukae kitako.

Tuanze na hizo wiketi chache. Aliyetengeneza jedwali anajua kadi za mechi za miaka ya 1770 na 1780 ziliandikwaje? Mrushaji aliandikwa jina pale tu mpira wake ulipoiangusha wiketi yenyewe, zile nguzo nyuma ya mpigaji. Mpigaji akidakwa, sifa yote ilikwenda kwa mdakaji. Yule aliyeupanga mpira kwa akili mpaka ukapaa mikononi mwa mwenzake aliambulia patupu, hata herufi ya jina lake haionekani. Sasa wewe unachukua kadi za namna hiyo, unajumlisha, halafu unamlinganisha na mrushaji wa leo anayehesabiwa kila kitu, kisha unacheka. Unamcheka nani hasa?

Na ubaya ni kwamba utaratibu huo ulimuumiza Harris kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ya namna alivyorusha. Ni kweli alirusha kwa mkono wa chini, kama kila mtu wa wakati wake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa desturi. Lakini alisimama wima kama askari gwaridani, mpira akaupandisha mpaka karibu na kwapa, kisha akausukuma kutoka hapo kwa mzunguko. Ukigusa ardhi haukutambaa, uliruka. Mpigaji asiyejua ujanja huo alisagwa vidole kati ya mpira na mpini wa gongo. Watu walitoka damu, na glavu hazikuwepo. John Nyren aliyaona hayo kwa macho yake akiwa kijana na akasimulia uzeeni, mwaka 1833. Sasa mpira unaoruka hivyo, ukigusa gongo unakwenda wapi? Hewani. Ukienda hewani unadakwa. Ukidakwa, anaandikwa nani?

Haya, nendeni mkajumlishe tena.

Mwaka 2024 Uganda walipocheza Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi, Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 alirusha ova 4 (kila ova mipira sita) dhidi ya Papua New Guinea, akaruhusu mikimbio, yaani alama za wapigaji, 4 tu na kuchukua wiketi 2. Kila mpira umeandikwa, unaweza kuutafuta sasa hivi kwenye simu yako. Vizuri sana, anastahili. Sasa mpeni Harris karani wa namna hiyo ndipo mje na majedwali. Billy Beldham, aliyecheza naye, alikumbuka siku Harris alipomrushia Tom Walker mipira 170 na Walker akapata mkimbio mmoja. Mmoja! Na huyo Walker hakuwa mpigaji wa kubahatisha, walimwita Old Everlasting kwa sababu kumtoa wiketini ilikuwa shughuli ya kutwa.

Kuna hili pia, ambalo nikilifikiria nazidi kupanda presha. Harris alikuwa na gauti, jongo la miguuni. Miaka yake ya mwisho uwanjani alifika akijikongoja kwa magongo ya kutembelea. Walimletea kiti kikubwa cha mikono mpaka pale pa kurushia. Anarusha, anakaa. Anasimama, anarusha, anakaa. Na bado wapigaji hawakumpenda hata kidogo. Alifariki mwaka 1803. Leo mtu mwenye magoti mazima anamwekea alama ya kicheko.

Turudi kwa bwana wa "malodi walibuni". Mkuu, ushahidi wa zamani zaidi wa mchezo huu tulio nao kwa uhakika ni wa mahakamani Guildford, mwaka 1597 kwa kalenda yao ya wakati ule. Ilikuwa kesi ya kiwanja. Mzee mmoja, John Derrick, akaapa kwamba alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walicheza kriketi hapo hapo. Watoto wa shule, kwenye kiwanja chenye mgogoro! Malodi walikuja baadaye sana, na walichokuja nacho ni pochi. Waliweka dau, gini (hela yao ya zamani) kwa mamia, na wakawatafuta watu wanaojua kucheza ili dau lisipotee. Sikatai kwamba bila hela yao tusingeijua Hambledon. Ninachokataa ni mwenye pochi kuandikiwa kazi ya mwenye mikono.

Maana hebu tazama hao wenye mikono ni akina nani. Harris alikuwa mfinyanzi. Tom Sueter, mlinda wiketi, alikuwa seremala. George Leer alikuwa mpika bia wa Petersfield. Akina Walker, Tom na Harry, walitoka shambani huko Thursley. Noah Mann alikuwa na baa yake Northchapel, Sussex, na siku ya mazoezi alipanda farasi maili kama 20 kuja Hambledon na maili nyingine 20 kurudi. Kapteni wao, Richard Nyren, ndiye baba wa huyo John niliyemtaja, na aliendesha Bat and Ball, baa iliyotazamana na uwanja wao wa Broadhalfpenny Down, mlimani, upepo mtupu. Hata Beldham mwenyewe, ambaye walimwita Silver Billy kwa nywele zake, unajua nani alimfundisha kushika gongo na kuinua kiwiko cha kushoto? Harry Hall wa Farnham, mwoka mikate ya tangawizi. Siyo Eton, shule ya watoto wa mabwana. Mwoka mikate.

Halafu kuna John Small. Huyu alianza kama fundi viatu Petersfield, akageukia kutengeneza magongo na mipira, na mwaka 1775 akapiga mikimbio 136 dhidi ya Surrey. Inahesabiwa kuwa mia ya kwanza, yaani mpigaji mmoja kufikisha mikimbio 100, inayojulikana kwa uhakika katika mechi kubwa. Alikuwa pia mpiga fidla mzuri. Duke wa Dorset akamtumia fidla ya zawadi na kulipia usafirishaji wake. Small akamrudishia magongo mawili na mipira, na nauli ya mzigo akalipa yeye. Huyo ndiye mwokota mipira wenu.

Na sheria je? Hapa ndipo wizi unapokuwa wa mchana kweupe. Septemba 1771 Hambledon walicheza na Chertsey pale Laleham Burway. Thomas White wa upande wa Chertsey akaja na gongo pana kama wiketi yenyewe, maana hakukuwa na sheria ya kumzuia. Hambledon walishinda kwa mkimbio mmoja tu, lakini hawakuishia kushangilia. Mrushaji wao Thomas Brett akaandika pingamizi, na Richard Nyren na John Small wakatia saini. Upana wa gongo usizidi inchi nne na robo. Wakatengeneza na fremu ya chuma yenye kipimo hicho, klabu ikaitunza, na gongo lolote la kutiliwa shaka lilipitishwa humo. Likikwama, rudi nalo kwenu.

Februari 1774 ndipo kamati ya mabwana ilipokutana London, pale baa ya Star and Garter, Pall Mall, wakaandika sheria, inchi nne na robo ikiwemo. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo dunia nzima. Mkisoma makala nyingi mtaambiwa kamati ya mabwana ndiyo iliyoweka. Mrushaji, mwenye baa na mtengeneza magongo, wale watatu walioweka saini zao kwanza, wanapewa nusu sentensi au hawatajwi kabisa.

Tom Walker naye kaliwa vivyo hivyo. Alijaribu kurusha huku mkono ukiwa umeinuka pembeni badala ya chini. Klabu yake mwenyewe ikakaa kikao ikasema ni haramu, na hapo lawama nawapa Hambledon bila kuwaficha. Miaka mingi baadaye John Willes, mwenye mali wa Kent, akarusha hivyo hivyo, akakatazwa kwenye uwanja wa Lord's, London, mwaka 1822, akapanda farasi wake akaondoka kwa hasira. Mwaka 1835 mtindo ukaruhusiwa. Ukiuliza nani aliuanzisha, watakuhadithia habari za Willes, eti aliiga kwa dada yake aliyeinua mkono ili usigonge sketi yake pana. Walker, mkulima aliyeyafanya hayo kabla, kimya.

Sasa mtu ataniuliza, kama walikuwa wazuri hivyo mbona klabu ilikufa? Ilikufa kwa sababu wenye pochi walihama, basi. Mfano ni James Aylward. Juni 1777, pale Sevenoaks, Hambledon walicheza na timu ya Uingereza nzima. Aylward akaingia jioni ya Jumatano, akatoka Ijumaa alasiri, mikimbio 167. Hambledon 403, Uingereza 166 na 69. Fanya hesabu mwenyewe, ni innings (zamu ya kupiga) nzima na mikimbio 168 juu. Kilichofuata? Sir Horatio Mann, tajiri mpenda kriketi, akamchukua Kent akampa kazi ya usimamizi wa shamba ili amchezee yeye. Nyren anasema alikuwa msimamizi hovyo, na si ajabu, hakuchukuliwa kwa ajili ya shamba.

Baadaye Earl wa Winchilsea na wenzake wakahamishia mchezo London. Thomas Lord akafungua uwanja mwaka 1787, MCC, klabu ya mabwana ya kriketi, ikazaliwa mwaka huo huo, na wachezaji wakafuata hela kama ambavyo wewe na mimi tungefuata. Kitabu cha mahudhurio cha Hambledon kinaishia Septemba 1796 kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna bwana aliyefika. Mabwana hawakufika, basi kikao hakikuwepo! Beldham bado alikuwa anapiga mpira wakati huo na aliendelea mpaka mwaka 1821.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Aliyeweka jedwali aandike juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba wiketi za kudakwa za warushaji wa kabla ya karne ya 19 hazimo. Kama hawezi, aiondoe hiyo kona ya wa zamani. Na yule wa "vibarua" afute, nimeshapiga picha ya skrini.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza mbona sijamtaja Lumpy, "mrushaji hatari wa Hambledon". Mkuu, Lumpy Stevens hakuwa wa Hambledon, alikuwa mtu wa Surrey, mtunza bustani wa Earl wa Tankerville, na mara nyingi alikuwa adui yao. Ila yeye pia kadhulumiwa, tena mbele ya watu. Mei 1775, uwanja wa Artillery London, watano wa Kent naye akiwa pamoja nao dhidi ya watano wa Hambledon. Small ndiye mpigaji wa mwisho. Wiketi wakati huo ilikuwa na nguzo mbili tu, na mpira wa Lumpy ukapita katikati yake mara tatu bila kuangusha kitu. Small akabaki, akamalizia mikimbio, Hambledon wakashinda. Watu wakaona aibu, ndipo nguzo ya tatu ikaongezwa. Kwenye kadi ile mipira mitatu haipo popote, kwa hiyo kwa hesabu zenu Lumpy siku hiyo hakumtoa Small hata mara moja.

NYONGEZA 2: Wanaosema "ni mambo ya Wazungu ya miaka 250 iliyopita yanatuhusu nini", uzi haukuwalazimisha kuingia. Mwenye kadi ya mechi ya Hambledon ya miaka ya 1780 inayompa Harris sifa ya mpira uliodakwa na mwenzake aiweke hapa. Mwenye kicheko akae nacho.