Tupeane uzoefu: Makala gani ya saikolojia iliwahi kukuumbua?

KalamuYaRisasi:
Wakuu, salaam. Nianze na aibu yangu.

Nilipokwenda kutetea pendekezo la utafiti wa uzamili, nguzo yangu ilikuwa nadharia kwamba utashi huchoka kama msuli: ukijizuia jambo moja, nguvu ya kujizuia la pili hupungua. Nilikuwa na makala ya mwanasaikolojia Baumeister na wenzake ya 1998, ile ya watu wenye njaa waliowekewa biskuti za chokoleti wakaambiwa wale figili, kisha wakapewa fumbo lisilo na jibu. Waliokula figili walikata tamaa mapema. Makala imenukuliwa maelfu ya mara, nikajiona nimeshika mpini.

Mtahini mmoja, mama mpole kweli, akauliza, "Na ya 2016 umeisoma?" Ya 2016 ipi tena? Kumbe maabara 23 zilishirikiana kulipima wazo hilo kwa watu zaidi ya 2,100, na athari ikaonekana kukaribia sifuri. Baumeister alipinga njia waliyotumia, ubishi ukaendelea, lakini mimi hata sikujua kama kuna ubishi. Nilichambuliwa kama karanga.

Siku hizi nikiikuta makala Google Scholar sikimbilii kupakua. Nafungua kwanza orodha ya walioinukuu, nachuja ibaki miaka ya karibuni, natafuta humo waliorudia utafiti ule. Wapo wanaonukuu ili wapinge, jamani.

Haya, mwageni na nyie.

Figili Mbichi:
Jina langu halihusiani na uzi huu, naapa 😂. Usijilaumu sana mkuu. Mwaka 2015 jarida la Science lilitoa matokeo ya tafiti 100 za saikolojia zilizorudiwa. Za mwanzo, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Za marudio, asilimia 36. Hata maprofesa wameumbuka.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mimi tatizo lilikuwa kabla ya hapo, kwenye kutafuta kwenyewe. Mada yangu ni sonona kwa akina mama waliojifungua. Nilikuwa naandika sentensi nzima kama naongea na mtu, inaniletea takataka laki kadhaa. Mkutubi wa chuo akanikalisha nusu saa tu. Akanionyesha kuvunja mada vipande vitatu: ugonjwa, watu, mahali. Kila kipande unakiandikia majina yake yote ukiunganisha kwa OR, halafu vipande vyenyewe unaviunganisha kwa AND. Kwenye PubMed, hazina ya makala za tiba mtandaoni, unatumia istilahi za MeSH, yaani jina moja rasmi kwa kila mada, maana mwandishi mmoja anasema sonona, mwingine msongo, wa tatu anasema afya ya akili ya mama. Nikabaki na makala zinazosomeka ndani ya wiki.

Akaniambia pia nisiishie huko, nipite African Journals Online. Huko ndiko nilikokuta waliofanya kazi kwenye wodi zinazofanana na yangu, kitanda kimoja wazazi wawili.

Kitu kingine: dodoso la Edinburgh, la kupima sonona baada ya kujifungua, lilitungwa kwa wanawake wa Uingereza, 1987. Makala ikisema tu "tulitafsiri kwa Kiswahili" bila kueleza nani alirudisha tafsiri kwenye Kiingereza, wala kama kiwango cha alama kilipimwa upya kwa wanawake wa huku, mimi naiweka pembeni.

Mwalimu wa Kisauni:
Hamjambo nyote. Yangu ni lile jaribio la mashimalo. Mtoto anawekewa peremende moja, akisubiri anapata ya pili. Nilikuwa nikiwahubiria wazazi shuleni kwamba mtoto asiyeweza kusubiri, maisha yatamshinda. Wazazi wakitikisa vichwa, nami nikijiona mtaalamu.

Siku moja nikaamua kusoma sehemu ya mbinu, si ikisiri peke yake. Watoto wale walikuwa wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, wengi wazazi wao wahadhiri na wanafunzi wa hapo. Mwaka 2018 watafiti wengine wakatazama watoto zaidi ya 900 wa familia za hali mbalimbali. Uhusiano wa kusubiri na mafanikio ya baadaye ulipungua kwa nusu, na walipozingatia hali ya nyumbani ukapungua zaidi, karibu uishe.

Kisha nikakuta utafiti wa watoto wa Kinso wa Kamerun, wa miaka minne, waliolinganishwa na wa Ujerumani. Wakinso karibu 7 katika kila 10 walisubiri. Wajerumani hawakufika 3. Wallahi nilicheka peke yangu. Sasa jambo la kwanza ninalouliza nikifungua makala ni: hawa watu ni akina nani?

Mpwa wa Ilala:
Nyie mmeumbuka kiungwana. Mimi nilipigwa hela. Niko mwaka wa pili, naletewa barua pepe inaniita "Profesa Mtukufu". Nikatuma makala, ikakubaliwa siku ya tatu bila swali hata moja, nikalipa. Leo tovuti yao haifunguki. Kabla ya kulipa, tazama kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa.

Figili Mbichi:
Profesa Mtukufu 😂😂

Zumaridi_82:
Akili mnemba ilinipa marejeleo kumi safi, majina ya waandishi wa kweli kabisa. Nikaingiza namba za DOI, zile za kuitambulisha kila makala mtandaoni, moja moja. Nne hazikufunguka, mbili zilinipeleka kwenye makala za kilimo.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Na zile zilizofungiwa kwa dola 40 mnazipataje?

KalamuYaRisasi:
Kwanza uliza maktaba ya chuo kama iko Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, wengi tunayo na hatujui. Weka Unpaywall kwenye kivinjari, inakutafutia nakala halali ya bure kama ipo. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Mimi nilimwandikia mmoja Jumatatu, Jumatano faili likafika, na dodoso lake juu. Aliomba tu nimtumie matokeo nikimaliza. Ndiyo kwanza niko sura ya pili, sijui nimjibu nini.