"Mama ameshakula lakini?" Yule mtu wa kengele leo kanimaliza

Wakuu, naandika nikiwa kwenye hiace, siti ya nyuma, mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimepandana, nusu ni hasira, nusu ni matuta.

"Mama ameshakula lakini?"

Ndivyo alivyosema. Kwenye kipaza sauti. Mbele ya wanachama wote, wahudumu wa hoteli, na yule kijana wa kurekebisha feni ambaye hata hakualikwa. Anamwambia mama wa miaka 71 aliyeamka saa 10 alfajiri ili aje aongee na sisi.

Sitaji klabu, sitaji jina. Mnamjua. Yule wa koti lenye pini, akipita kwenye mashine ya uwanja wa ndege foleni inahamishiwa mlango wa pili. Aliwahi kuwa rais wa klabu zamani sana, huu mlima ukiwa bado kichuguu. Muhula uliisha, kengele ya kuendeshea mkutano ikabaki mkononi. Rais wa sasa anaiomba kama mtoto anavyoomba rimoti kwa baba yake wakati wa taarifa ya habari.

Kwa wasiozijua hizi klabu za huduma kwa jamii: tunakutana kila wiki mchana, tunakula, anakuja mgeni mzungumzaji, anapewa dakika 20, maswali mawili matatu, zawadi, picha, kengele, watu wanarudi kazini. Mwaka huu kazi ya kutafuta wageni nimetupiwa mimi. Bando langu, nauli yangu, magoti yangu. Nilimleta mtu wa bima. Aliongea dakika 50 na kengele ikalala fofofo, kwa sababu alikuja na kofia za bure. Nilimleta mtu wa viwanja, akatufikisha mpaka awamu ya sita ya malipo, na huyo huyo bwana ndiye aliyeomba aongezewe muda. Akaja wa kuhamasisha, akalia, tukalia, mpishi akalia. Kengele kimya.

Leo nimemleta mwalimu mstaafu. Shule ya msingi aliyofundisha, kule juu, ndiyo tunayotaka kuichimbia kisima. Nimembembeleza miezi miwili maana anasema yeye si mtu wa mahotelini. Kaja na kitenge kimepigwa pasi mpaka kinakata, kikapu chenye chupa mbili za maji, na hotuba yake kwenye karatasi ya daftari, kwa penseli.

Kwanza yule bwana akasimama "kumtambulisha mgeni". Dakika 25 akajitambulisha yeye. Tulikwenda naye Toronto, tukarudi, tukaenda naye Melbourne, begi likapotea, begi likapatikana. Jina la mama alilikosea mara mbili, na alikuwa kaandikiwa.

Mama akasimama. Dakika ya nne, ya NNE wakuu, ndiyo kwanza anasema, "Sasa hicho kisima, wanangu, kabla hamjachimba..."

Ting!

"Mama ameshakula lakini?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kile kicheko cha kutojua uso uuweke wapi. Mama akakunja karatasi yake mara nne akasema, "Nimeshiba, baba. Ahsante." Akapewa kikombe chenye nembo. Picha. Ting.

Ameshakula! Kana kwamba kapanda magari mawili kufuata paja la kuku. Kana kwamba yeye ndiye aliyetuomba. Sina hoja nyingine, msinidai hoja. Ameshakula!

Kobe wa Pwani: Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

Mkaanga Sumu: Mleta mada unazunguka sana. Alikula au hakula?

Dada wa Kijenge: Uwiii namjua! Alikuja mgeni rasmi kwenye mahafali ya mwanangu. Kaleta mipira sita na bango la kusema kaleta mipira sita. Bango lilibebwa na watu wanne, mipira kaibeba mtoto mmoja.

Kichuguu: Ni klabu ya gurudumu (Rotary) au ya simba (Lions)?

Vocha Yangu (mleta mada): Sitaji. Kengele wote wanayo.

Jirani Mwema: Sasa wewe ulikuwepo, ukacheka na wenzako, ukala keki, halafu unakuja kulia humu. Mama wa watu kadhalilishwa, wewe ulikuwa umeshika nini? Uma?

Vocha Yangu: Kijiko. Na nimeshasema nilicheka. Usinichome pale pale.

Mkongwe Mstaafu: Nimekuwa mwanachama wa mojawapo ya klabu hizi miaka mingi, niseme kidogo. Vijana mnadhani mgeni mzungumzaji ni wa kujaza muda baada ya wali. Juni 1925, Helen Keller, kipofu tena kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wa Lions kule Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Klabu zenyewe zilikuwa na miaka minane tu, zilianza 1917. Waliposikia hotuba ile waliichukua kazi ya macho, na mpaka leo ukisema Lions mtu anafikiria miwani na mtoto wa jicho. Hotuba MOJA. Sasa hebu fikiria angekuwepo huyo bwana wenu na kengele yake.

Mkaanga Sumu: "Helen ameshakula lakini?"

Dada wa Kijenge: 😂😂😂 Nimemwaga chai kwenye kiti cha watu.

Mkongwe Mstaafu: Cheka tu. Na hao wa gurudumu, walianzia Chicago 1905 kwa wakili Paul Harris, wakawa wanakutana ofisini kwa huyu wiki hii, kwa yule wiki ijayo, ndiyo jina la Rotary, yaani kuzunguka, likatoka huko. Mradi wao wa kwanza mkubwa wa jamii, 1907, ulikuwa kupigania choo cha umma katikati ya jiji. Choo! Si kukata utepe wa ukuta uliopakwa rangi upande mmoja.

Sauti ya Nyika: Ukuta afadhali, unabaki. Sisi huku tunapandiwa miti. Mwaka wa klabu hizi unaanza Julai 1, kila rais mpya anataka aanze na kishindo, kwa hiyo miti inapandwa Julai. Masika imeisha Mei! Udongo umekauka, baridi inauma, mche unashangaa umefika wapi. Mwaka unaofuata rais mwingine, mashimo yale yale, hata kuchimba hawachimbi. Kuna shimo moja pale karibu na zahanati limeshapandwa na marais watano, limeshakuwa kama kaburi la familia.

Vocha Yangu: Wakuu uzi ni kengele, si miti.

Fundi Koki: Miti mna bahati. Mimi ni fundi wa pampu za mkono. Siku ya uzinduzi naitwa na klabu, kuna keki, kuna spika, nalipwa. Siku ya kuharibika napigiwa na mwenyekiti wa kijiji, hana hata salio, anabipu. Nikifungua ni kimpira cha ndani kimeisha. Bei ya kimpira haifiki bei ya ile keki. Nikiipigia klabu naambiwa huo ni mradi wa rais aliyepita. Rais mpya hataki kimpira cha mwenzake, anataka kisima chake chenye kibao chake.

Jirani Mwema: Fundi na wewe mtaje bei zako tuone nani anamnyonya nani.

Fundi Koki: Nimetulia, usinichokoze. Mleta mada, zile chupa mbili za kwenye kikapu zilikuwa za nini?

Vocha Yangu: Moja maji ya mto, moja ya kisima cha kijiji cha jirani. Alitaka kusema habari za meno ya watoto. Hakufika. Aliishia "kabla hamjachimba". Ting!

Fundi Koki: Basi mama alikuwa anawaokoa na hamkujua. Ukanda wa Mlima Meru maji mengi yana madini ya floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Mnaona watu wazima wenye meno ya kahawia mnadhani ni tumbaku. Ikizidi sana inaingia kwenye mifupa, mtoto miguu inapinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, kuna maji huku yanakipita mbali sana. Ukichimba bila kupima unaweza kuwapa watoto maji mabaya kuliko ya mto waliokuwa wanakunywa, na kibao juu. Kule Ngurdoto wamefanya utafiti siku nyingi wa kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ndiyo maana mama akabeba chupa MBILI.

Vocha Yangu: Nimenyamaza hapa kwenye hiace mpaka konda kaniuliza kama naumwa.

Kobe wa Pwani: Kumbe ni Arusha. Nilidhani Moshi.

Kichuguu: Moshi hatuna mambo hayo. Moshi mgeni hagongewi kengele, anapewa mbege.

Dada wa Kijenge: Halafu anachangishwa.

Kichuguu: Bora kuchangishwa kuliko kuulizwa kama umekula. Na mlima wenu mfupi.

Mfuasi Mtiifu: Jamani tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hawa watu wa huduma wamefanya makubwa. Rotary wamebeba kampeni ya polio tangu 1985, na Agosti 25, 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Mnakaa hapa mnasema bango, bango. Wengine mmechangia nini?

Mkaanga Sumu: Hongera zao, kweli kabisa, na mimi nilitiliwa matone mdomoni. Sasa turudi, mama alikula?

Jirani Mwema: Mfuasi Mtiifu mbona unatetea kwa jasho? Unavaa koti?

Mfuasi Mtiifu: Sina koti. Nina tisheti tu.

Vocha Yangu: Haya, mmenitoa jasho, nasema. HAKULA. Nilimwekea sahani akasema mtu hasimami mbele ya darasa ameshiba, atakula baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo mnayoijua. Kuna kitu sikukisema mwanzoni kwa aibu. Mama hakuja mikono mitupu. Alikuja na mkungu wa ndizi, kaubeba kwenye magari mawili, zawadi ya klabu, "mkapikie watoto". Tukauweka pale mlangoni chini ya bendera.

Dada wa Kijenge: Usiniambie.

Vocha Yangu: Tumetoka nje baada ya picha. Mkungu uko ndani ya buti la gari lake. Kengele juu yake.

Kobe wa Pwani: Hapana.

Kichuguu: Eeeh bwana wee.

Mkongwe Mstaafu: Miaka yote hiyo sijawahi kusikia. Natoka kidogo nje kuvuta hewa.

Jirani Mwema: Mleta mada naondoa maneno yangu ya uma. Kijiko nabakisha.

Sauti ya Nyika: Huyo na mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wangu ni ndugu, lazima. Tulichanga, akatuambia bajeti ya nyama imepungua, siku ya harusi wageni wanalamba mfupa, kesho yake kwake wanachoma mbuzi.

Dada wa Kijenge: Kamati za harusi zifunguliwe uzi wake. Mimi nimeondolewa kwenye grupu kwa kuuliza risiti ya maturubai.

Mfuasi Mtiifu: Mimi nilichanga 100,000, kadi ikaandikwa "single". Nikamwacha mke wangu getini na kiatu kipya.

Fundi Koki: 😂 Pole. Sisi MC alitangaza fundi wa maji yuko wapi, nikadhani naitwa zawadi, kumbe choo kimeziba.

Vocha Yangu: Wakuu, mama kanipigia sasa hivi. Kafika salama. Anauliza kile kikombe kinavumilia chai ya moto au ni cha kuweka kabatini tu. Na anauliza wiki ijayo arudi amalizie, maana ukurasa wa pili hakuusoma.

Kichuguu: Samahani, hizo ndizi zilikuwa mshare au mzuzu?

Vocha Yangu: Mshare. Nimesema mama anauliza arudi?

Kichuguu: Mshare! Mkungu mzima! Hapo ni mtori wa wiki mbili.

Dada wa Kijenge: Mtori wa kwenu mnaweka maziwa?

Kichuguu: Maziwa kwenye mtori? Nani kakufundisha?

Kobe wa Pwani: Huku Pwani tunaweka nazi.

Mkongwe Mstaafu: Nimerudi. Nani kasema nazi?