Tupeane uzoefu: Mlitoka kuvua na washikaji, mkapika nini?

Mshipi Mfupi
Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita mimi na washikaji wanne tulitoka Kigamboni kwenda kuvua kwa mshipi. Hakuna mvuvi kati yetu. Mmoja mhasibu, mmoja fundi simu, mimi dereva. Tulikodi boti ndogo ya mashine pamoja na nahodha wake, tukachangia petroli, na ngisi wa chambo tulimnunua soko la samaki la Feri siku moja kabla.

Saa kumi na moja alfajiri tukang'oa, umande ukitusukuma kutoka nchi kavu. Kilichonishangaza ni namna yule mzee alivyoutafuta mwamba wake. Hana chombo chochote. Mnara wa simu ukikaa sawa na mnazi fulani, na upande wa pili paa fulani likijificha nyuma ya jingine, basi anatupa nanga. Unateremsha mshipi mpaka chubwi liguse chini, unavuta juu kama pima moja, unasubiri kwa kidole. Changu anagonga mara mbili, haraka haraka. Ukichelewa, umebaki na ndoana tupu. Mimi nilibaki nayo tupu mara tisa, nilihesabu. Mhasibu yeye alilala ubavuni mwa boti analisha samaki chipsi za jana usiku.

Kufika saa nne tulikuwa na changu kumi na wawili, pono wawili na chewa wa kama kilo tatu. Chewa kavutwa na nahodha, picha kapiga naye mhasibu.

Tukarudi ufukweni. Makumbi yamewaka, samaki wameparwa, mchele upo, nazi ipo, ndimu ipo. Chumvi hakuna! Watu watano, kila mtu alijua mwenzake kabeba. Nahodha akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachota kikombe kimoja cha maji ya bahari, akachanganya na vikombe vitatu vya maji baridi, akatupikia wali. Samaki akawachovya baharini hivyo hivyo, akawabana kwenye ubano. Chumvi ilikaa sawasawa. Fundi simu akasema ameshaelewa, sufuria ya pili atapika yeye, na akaona kikombe kimoja ni kidogo. Mbwa wa pale alikuja, akanusa, akaenda zake.

Leteni na zenu.

Mwana Tanga
Mkuu, shukuru hamkupata tasi. Jamaa yetu alimkamata mmoja kwa kiganja kizima, kama anavyoshika simu. Miiba ya tasi ina sumu, na jamaa ni mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini alilia kwa sauti. Mzee mmoja wa pale akatuambia tuchemshe maji, yawe ya moto kadiri mkono unavyoweza kustahimili bila kuungua, azamishe kiganja. Chombo kilichokuwepo ni sufuria ya uji. Baada ya kama nusu saa akaanza kuongea vizuri. Jioni yule tasi alimbanika mwenyewe na kumla mwenyewe, hakumgawia mtu hata shavu.

Siku hizi tunatembea na mkasi, miiba inakatwa kabla samaki hajaingia ndooni.

Msafiri wa Kilifi
Nyinyi angalau mlivua. Sisi tulitoka Nairobi mwezi wa saba, watu sita, na kofia tumenunua. Nahodha akaangalia bahari akasema leo hapana, kusi limechachamaa. Mwenzetu akaanza kubishana kwamba amana tumeshalipa. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akampa pesa yake.

Tukanunua kolekole kwa wavuvi waliokuwa wamevua ndani ya mwamba, na mama aliyetupangisha nyumba akatufundisha kupaka. Samaki apasuliwe mgongoni akae wazi, achanjwe, apakwe kitunguu thomu, tangawizi, pilipili, ndimu na chumvi. Moto uwe makaa, usiwe na ndimi. Huku anabanikwa, tui la kwanza liko jikoni na bizari na ukwaju, na hapo ndipo wengi huharibu: usiache kukoroga, litakatika. Likishakuwa zito unapaka, unageuza, unapaka tena, mpaka lishike rangi. Mama alininyang'anya kijiko mara mbili.

Ofisini mpaka leo wanajua yule kolekole tulimvua wenyewe.

Bibie wa Shamba
Mwambieni mhasibu usiku wa kuamkia safari asile mafuta. Na akiwa botini atazame mbali, asiinamie miguu yake.

Bi Kusini
Jamani, kwani lazima boti? Mie niliwachukua mashoga zangu wa Dar tukenda Makunduchi siku za bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali. Tulikuwa tunatafuta pweza. Shimo lake unalijua kwa vipande vya makombe na vijiwe alivyovikusanya mlangoni. Mmoja akainama kuchungulia, akarushiwa wino kifuani, blauzi nyeupe. Pweza tulimpiga juu ya jiwe mpaka akalainika, tukamchemsha kwa maji yake mwenyewe bila kumtilia mengine, ndo tukamtia tui.

Ila ulizeni kabla ya kwenda. Kuna vijiji Unguja na Pemba hufunga mwamba miezi kama mitatu pweza wakue. Mara moja tuliukuta umefungwa, tukarudi na ndoo tupu, tukala maandazi.

Mtu wa Muscat
Huku nguru wanamwita kanaad. Tulimpata mmoja, tukamkata vipande tukampika kwa tui la kopo. Mama alipiga simu ya video, akaona kopo, akakata simu.

Mshipi Mfupi
Bibie, ujumbe umefika, ila mhasibu anasema zile chipsi zilikuwa kavu. Mwana Tanga, mkasi nimeshanunua.

Jumamosi hii tunarudi. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu wote watano wameandika kwamba wanaleta chumvi. Nimesoma ujumbe wote tangu mwanzo, hakuna aliyetaja chambo.